Manung'uniko ya Wajane

Popote mlipo asubuhi hii, iwe ni Mwingi au Mutomo, Wote au Kibwezi, mkiwa bado mezani na chai au mkiwa njiani kwenda kuteka maji, tunaomba mtupe masikio yenu kwa dakika chache. Mwenye Biblia na afungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, mstari wa 1 mpaka wa 7.

Habari tunayosoma hapo ni ya kanisa la kwanza, kule Yerusalemu. Waumini walikuwa wakiongezeka kila siku, na penye watu wengi hapakosi maneno. Kulikuwa na chakula kilichogawiwa wasiojiweza. Sasa wale Wayahudi waliosema Kiyunani, ambao wengi wao walitoka ugenini, wakaanza kunung'unika. Walisema wajane wao wanarukwa katika mgawo, hali wajane wa wenyeji, wasemao Kiebrania, wanapata.

Sisi watu wa Kitui na Makueni hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hili. Tunajua mwolyo ni nini. Mvua ikikosa misimu miwili, lori linakuja na mahindi na maharagwe, watu wanakusanyika chini ya mti, na orodha inasomwa. Jina la mwenye duka limo. Jina la mama mzee anayelea wajukuu wanne halimo. Anarudi nyumbani na gunia lake tupu begani. Njiani anauliza: orodha hii iliandikwa na nani? Na huyo aliyeiandika, alichaguliwa na nani? Wako Wakristo wanaosema kwamba maswali hayo ni ya siasa, wala hayafai kuulizwa na mtu aliyeokoka. Lakini Luka aliyaona yanafaa kuwekwa katika Maandiko Matakatifu.

Tazameni walivyofanya mitume. Hawakuwakemea wanaonung'unika. Hawakusema, "Vumilieni, thawabu yenu iko mbinguni." Wala hawakukaa peke yao chumbani na kuteua rafiki zao. Waliita mkutano wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba, nao wakataja sifa za watu hao: wawe wameshuhudiwa vema, wawe wamejaa Roho, na wawe na hekima. Fedha haikutajwa, wala ukoo.

Kisha yanafuata majina, na hapo wengi wetu husoma upesi ili tufike kwa Stefano. Tusifanye haraka. Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, Nikolao. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na huyo wa mwisho hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Ni kweli kwamba wenyeji wa Palestina nao waliweza kuitwa kwa majina ya Kiyunani, kama Andrea na Filipo yule mtume. Lakini saba kwa saba? Inaonekana mkutano wote, wenyeji wakiwamo, uliwatazama wale waliorukwa ukasema: basi ghala na tulishike watu wa upande wenu. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitafakari leo. Uchaguzi ule ulianza na mjane aliyerukwa, na ukaishia kwa kumpa mtu anayemjua mjane yule kwa lugha yake kazi ya kugawa chakula.

Sasa turudi kwetu. Haki ya kuchagua haikuja Ukambani kwa urahisi, na vijana wetu yafaa waijue njia iliyopita. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wapunguzwe katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Makueni. Ilisema ardhi inaharibika. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, nacho kiwanda cha nyama kilikuwa kikingoja pale Athi River. Watu wangemlilia nani? Katika Baraza la Kutunga Sheria hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Aliyeitwa msemaji wa Waafrika alikuwa Mzungu wa kuteuliwa, mara nyingi mmisionari, na wengine wao, tukisema kweli, walikuwa makasisi wa kanisa letu hili la Anglikana. Basi watu wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wanaume na wanawake na watoto kwa maelfu, wakakaa huko kwa majuma wakitaka kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu kizuizini. Hata hivyo, kabla ya mwaka ule kwisha serikali iliacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu.

Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza mwaka 1944, naye kwa kuteuliwa. Ilikuwa Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wanane wa nchi nzima, na Wakamba wakampeleka James Muimi. Lakini hata siku ile mjane wetu hakupiga kura. Kura ilipimwa kwa elimu, mali, kazi na mambo ya namna hiyo, na mtu mmoja aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa kura mpaka tatu. Wengine wengi hawakuwa na hata moja.

Uhuru ulileta kura ya kila mtu mzima. Ila kura inaweza kunyang'anywa ingali mkononi mwako. Wazee wetu wanakumbuka mlolongo wa Februari 1988. Katika uteuzi wa chama cha KANU watu walipangwa nyuma ya wagombea au picha zao, mchana kweupe, mbele ya chifu, mbele ya tajiri anayekudai, mbele ya mwajiri wako. Aliyehesabiwa kupata asilimia 70 alikuwa amekwisha kuwa mbunge, bila kura ya siri kupigwa. Na iko mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa limekwisha kupinga jambo hili tangu 1986. Na maaskofu wetu, Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, hawakunyamaza. Walisema kwamba mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, nusu ya kundi lake haitamsikiliza tena Jumapili. Maneno yao hayakupendwa na wakubwa. Aprili 1989 nyumba ya Askofu Gitari ilivamiwa usiku, yeye na jamaa yake wakaokoka. Desemba 1990 mlolongo ukafutwa.

Kwa hiyo unapoingia katika kile kijumba cha kupigia kura, peke yako na karatasi na kalamu, fahamu kwamba upweke ule ulipiganiwa. Pale mama anayedaiwa na mwenye duka anaweza kumkataa mwenye duka, na asijue mtu ila Mungu.

Mnajua tunakoelekea. Tunaelekea kwenye ile noti ya shilingi 200.

Majuma machache kabla ya uchaguzi magari huonekana katika njia ambazo hayajapita kwa miaka minne. Leso hugawiwa, unga hugawiwa, na vijana hukaa sokoni wakingoja "mheshimiwa" afungue mkono. Hatutaki kuwadharau wanaopokea. Mtu mwenye njaa haulizwi kwa nini alikula. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Miaka mitano ina siku 1,826. Gawanya shilingi 200 kwa siku hizo, hazifiki senti 11 kwa siku. Wazee wetu waliwahi kuipa jina njaa moja ya mwanzo wa miaka ya 1980. Waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa huku nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi, lakini madukani hapakuwa na chakula cha kununua. Mtu aliyeuza kura yake yuko katika njaa hiyo. Ameshika noti, na zahanati ya kijiji chake haina dawa, na hana mdomo wa kuuliza, kwa maana akiuliza ataambiwa alikwisha kulipwa.

Tunaongeza neno kuhusu kanisa, maana noti hiyo hupita pia katika sahani ya sadaka. Mwanasiasa huja siku ya harambee, hupewa kiti cha mbele, kisha hupewa kipaza sauti. Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema wazi kwamba mimbari si ya wanasiasa. Wakaribishwe, waketi, waabudu kama watu wengine. Ziko parokia zilizoshika neno hilo, na ziko zilizolisahau mara paa lilipohitaji mabati. Na tukiwa hapo hapo nyumbani: je, mweka hazina wa halmashauri ya kanisa letu alichaguliwa lini? Akina mama wanaojaza viti vya kanisa kila Jumapili, wangapi wamo katika sinodi? Si rahisi kumfundisha gavana mambo ambayo mzee wa kanisa hajayasikia.

Tusidhani pia kwamba kazi inakwisha siku ya kupiga kura. Tangu uchaguzi wa 4 Machi 2013, chini ya Katiba ya 2010, kila mmoja wetu hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Wengi huijaza ile ya rais kwa moyo wote na nyingine tano kwa kufuata rangi ya chama. Huku ni kukosa hesabu. Kitui ina wadi 40 na Makueni ina 30, na yule wa wadi ndiye aliye karibu na kisima chako. Katiba inaliamuru bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi.

Watu wa Makueni wamelionja jambo hili. Mwaka 2014 gavana wao, Kivutha Kibwana, na bunge la kaunti walikosana juu ya fedha mpaka risasi zikalia pale Wote, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kutaka kaunti ivunjwe, tume ikaundwa, watu wakaja kutoa ushahidi. Mwaka 2015 Rais akakataa kuivunja, na 2017 wananchi wakaamua wenyewe kwa kura. Gavana wakamrudisha. Jambo linalotupendeza zaidi katika habari ya Makueni ni lile lisilo na kelele. Mipango huanzia kwenye mikutano ya vijiji, inapanda hadi wadi, hadi kaunti, na mradi ukianza, kamati ya watu wa mahali pale hukagua saruji na mawe kabla mjenzi hajalipwa. Ni ule mwethya wetu wa zamani, uliojenga mabwawa ya mchanga mitoni, sasa umepewa kalamu. Katika mkutano wa namna hiyo mjane anaweza kusimama na kusema, "Bomba limepita mbele ya nyumba yangu, lakini halina mfereji."

Ikiwa atakuwapo. Mara nyingi mkutano huitwa saa ambayo yeye yuko kisimani. Hapo ndipo Umoja wa Akina Mama unaweza kumsaidia, kwa kuuliza tarehe mapema, kumchotea maji siku hiyo, na kwenda naye. Na asiambiwe kwamba maneno ya baraza si ya wanawake. Kitui Magharibi ilimchagua Nyiva Mwendwa kuwa mbunge mwaka 1974, naye mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili katika Kenya. Kitui ya Kati ilimchagua Charity Ngilu mwaka 1992, akagombea urais 1997, akawa gavana 2017. Hatuwataji ili kumpigia mtu debe. Tunawataja kwa sababu bado tunasikia, hata katika makanisa yetu, kwamba Ukambani haujazoea.

Katika mstari wa 7 Luka anaandika kwamba baada ya uchaguzi ule neno la Mungu lilienea, na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana katika Yerusalemu. Hatusikii tena habari za wale wajane. Yaelekea walikula.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyewasikia wajane wa Yerusalemu kabla mitume hawajawasikia, wasikie na hawa wa Ikutha na Kyuso, wa Kathonzweni na Makindu. Wape nguvu ya kwenda kujiandikisha, na mtu wa kuwashika mkono njiani. Walioketi mahali pa kuandika orodha uwape macho ya kuona jina lililorukwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.