Bao la Ikizu, Bweni la Mwisenge

 

Kama kawaida yetu tunaanza na swali la kuchangamsha bongo. Ni mchezo gani ulimpeleka shule Rais wa kwanza wa nchi hii?

Ni bao. Wazee wametusimulia kwamba Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama, alicheza bao na Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, upande ambao leo ni Bunda. Mtemi akaona kichwa cha mtoto yule si cha kuachwa kuchunga mbuzi tu, akamshauri baba yake ampeleke shule. Na mmoja wa watoto wa Mwalimu anaitwa Makongoro.

Basi Februari 1934, kabla hajatimiza miaka 12, akaondoka Butiama kwenda Mwisenge, Musoma mjini. Ni zaidi ya kilomita 30. Hakuna mtoto wa kuitembea njia ile asubuhi na kurudi jioni. Hapo ndipo hadithi hii hurukwa na wasimuliaji wengi: Mwisenge palikuwa na bweni. Alipata pa kulala, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, na 1937 akaingia Tabora. (Yaliyofuata mnayajua, ingawa vijana hushangaa wakisikia kwamba mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar.)

Miaka 40 baada ya safari ile, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma hiyo hiyo na kutoa Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyopangwa kufikiwa 1989, ikasogezwa hadi 1977. Baadhi yetu humu ukumbini tulianza darasa la kwanza kwa sababu hiyo. Mnakumbuka? Ubao umeegemezwa kwenye mti, mvua ikinyesha shule imekwisha. Walimu wetu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu. Watu wakageuza UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Na sisi tulicheka, lakini vijana hao ndio waliotufundisha kuandika majina yetu, na leo tunayaandika kwenye hundi.

Sasa tuje kwetu. Shule ya sekondari tunayoichangia ina madarasa, ina walimu. Haina bweni la wasichana. Wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga vyumba mitaani na kujipikia wenyewe, bila mtu mzima wa kuwaangalia, na kila mwaka wapo wasiorudi baada ya likizo. Sababu tunazijua, hatuna haja ya kuzitaja mbele ya wazee.

Kuta za bweni zimefika usawa wa linta kwa michango yenu ya mwaka jana. Zimebaki mbao, mabati, milango, madirisha na vitanda vya deka. Asiye na fedha taslimu aahidi mfuko wa saruji au bati moja, tutaandika. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina amekaa pale mlangoni na kalamu mbili.