Simu haijui ulikunywa chai na nani
Mazungumzo na wakazi wanaokwenda soko la Konyo Konyo



Leo tunazungumza juu ya kufuatilia watu waliokutana na mgonjwa. Kijana mmoja aliniuliza, "Si kuna programu za simu za kazi hiyo? Mbona ninyi bado mnakuja na daftari?" Swali lake ni la haki.

Programu hizo zilikuwapo. Wakati wa Korona, kuanzia mwaka 2020, nchi nyingi zilizitumia. Simu mbili zikikaribiana zilitambuana kwa Bluetooth na kuweka kumbukumbu. Mmoja akigunduliwa kuwa na ugonjwa, simu ya mwenzake ilipata ujumbe: ulikuwa karibu na mgonjwa, kaa nyumbani. Huko Uingereza, katika wiki moja ya Julai 2021, ujumbe wa namna hiyo ulitumwa zaidi ya mara 600,000. Wengine waliifuta programu ili wasikose kazi. Huko Singapore watu waliambiwa kwamba taarifa zao ni za ugonjwa tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi nao wanaweza kuzichukua. Watu walikasirika, na mwezi uliofuata ikapitishwa sheria kwamba zitumike kwa upelelezi wa makosa makubwa peke yake. Kwa hiyo hofu ya kuandikwa jina si ya wakimbizi tu.

Huku kwetu, unga na mafuta tunayonunua Konyo Konyo huja kwa malori kupitia Nimule. Mwaka 2020 madereva walilala siku nyingi kwenye foleni ya Malaba wakingoja majibu ya vipimo, na njiani waliitwa waleta ugonjwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatoa programu ya simu, ili majibu ya dereva yasomwe na maofisa wa kila mpaka na safari yake ifuatiliwe. Ilikuwa msaada. Lakini ilimfuata dereva. Haikumfuata aliyepakua magunia, wala mama aliyempikia, wala kijana wa boda aliyembeba.

Na sisi je? Wengi tuna simu za kitochi. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na mara nyingi iko kwa mtu wa kuchaji. Hata ile ya bei kubwa haijui kama ulikunywa kikombe kimoja na mtu au mlipishana tu penye nyanya. Wewe unajua. Ndiyo sababu ya daftari.

Najua pia kwa nini mnatuficha. Mama mmoja muuza chai pale Konyo Konyo alifuatwa na watu wa afya waliovaa fulana za kazi. Walisimama mbele ya meza yake wakamwuliza kwa sauti, wateja wakisikia. Wateja waliondoka na vikombe havijaisha. Wiki mbili hakuuza kitu. Alipoulizwa tena na wengine alitaja majina ya uongo, na mimi simlaumu. Kosa lilikuwa la waulizaji.

Lakini sikilizeni. Mpox ilithibitishwa Sudan Kusini Februari 2025, na Januari mwaka huo huo Ebola ilitangazwa Uganda. Kwa magonjwa yote mawili, aliyemgusa mgonjwa huangaliwa siku 21. Ukitaja jina la uongo, yule wa kweli anabaki bila kuangaliwa, na pengine ni mtoto uliyelala naye mkeka mmoja.

Ukiulizwa, usihangaike na umati wote wa sokoni. Kumbuka uliyelala naye, uliyemwogesha, uliyemfulia nguo au shuka, uliyemwuguza. Una haki ya kusema, "Twende pembeni." Una haki ya kuuliza daftari linakaa wapi na nani analisoma. Nasi hatutamwambia jirani yako kwamba ni wewe uliyemtaja. Tutamwambia tu kwamba alikuwa karibu na mgonjwa. Mfuatiliaji akikuuliza mbele ya watu, au akitaka kujua habari za vibali vyako, mwambie hiyo si kazi yake, kisha uje uniambie.

Jumamosi asubuhi nitakuwa chini ya mwembe, karibu na bomba la maji. Anayetaka kuja peke yake na aje. Fulana nitaivua, na daftari nitaliacha ofisini.