Mipaka ya Uwakilishi na Haki ya Mpiga Kura
(Hotuba kwa wananchi wa Ishiara)



Kura huhesabiwa siku moja, lakini uzito wake huamuliwa mapema, siku mipaka inapochorwa. Mwaka 1992 Rais Moi alipata takribani asilimia 36 ya kura, ilhali chama chake cha KANU kilitwaa viti 100 kati ya 188. Upinzani uligawanyika, ni kweli; lakini pia eneo bunge lenye watu wachache lilikuwa na mbunge mmoja sawa na lile lililofurika watu.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 89, ilituwekea kipimo. Idadi ya watu katika eneo bunge isitofautiane na wastani wa taifa kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 katika majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika. Asiyeridhika na mipaka ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo huamua katika miezi mitatu. Mwaka 2012 majaji watano walirekebisha baadhi ya mipaka iliyochorwa na tume, na uchaguzi wa Machi 2013 ukafuata marekebisho hayo.

Jambo hili linatugusa hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 108,881 katika Mbeere Kaskazini. Wastani kwa maeneo bunge 290 ni kama 164,000. Ukipunguza asilimia 30, zinabaki 114,800. Tumepungukiwa na watu karibu elfu sita. Kinga iliyozuia maeneo bunge ya zamani kufutwa ilihusu mapitio ya kwanza pekee, yale ya 2012. Lakini nyanda zetu kavu zikitambuliwa kuwa sehemu yenye watu wachache, kipimo kitashuka hadi 98,400, na kiti kitasalimika.

Muda wa mapitio ya pili ulipita Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Tusiuchukue ucheleweshaji huo kuwa usalama. Siku 30 hazitoshi kukusanya ushahidi. Tuandike sasa umbali wa vijiji, hali ya barabara, masoko na historia yetu, kwa maana Katiba inayataja hayo yote. Mahakama haihesabu vigelegele, hupima hoja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuyalinde yangali mtungini.