Dakika Chache na Mbalamwezi
Msikilizaji, kutazama mwezi kwa dakika chache kunaweza kukutuliza. Uko umbali wa takriban kilomita 384,400, na jicho linalotazama mbali hulegeza misuli yake, tofauti na linapong'ang'ania simu. Tena mwezi hauna haraka. Yale madoa meusi usoni pake, ambayo ni tambarare za lava iliyopoa zamani sana, yako palepale kila utazamapo. Mawazo yakitangatanga unayarudisha hapo, na huko kuyarudisha tena na tena ndiko kunakoituliza akili. Ukitaka kuutazama tena kesho yake, mwezi utachomoza umechelewa kwa wastani wa dakika 50, na kujaa na kupwa kwa maji ya bahari kutachelewa nao, jambo ambalo wavuvi wa pwani hupangia safari zao.

Wapo wanaohofu kwamba mwezi mpevu huchochea wazimu. Mwaka 1985 watafiti James Rotton na Ivan Kelly walipitia tafiti 37 na hawakuona ushahidi wa maana. Hoja kwamba mwezi huathiri usingizi ina uzito zaidi: utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Argentina na Marekani, ulionyesha kwamba siku zinazotangulia mwezi mpevu watu huchelewa kulala. Kwa hiyo utazame mwezi jioni mapema, kisha uingie ndani. Na mwenye huzuni isiyokwisha, au aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa, asingoje mwezi. Aende kituo cha afya.