Mhadhiri Mgumu wa Kemia na Maabara Zetu Tupu

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Elimu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee



Mwaka jana mlitupa kazi. Mlitaka kujua kwa nini baadhi ya vijana wetu waliokwenda vyuoni kusoma sayansi wanarudi nyumbani kabla ya wakati. Kamati yetu ina wahasibu, mwalimu mstaafu na muuguzi. Desemba, vijana walipopanda nyumbani kwa sikukuu, tulikaa nao jioni kadhaa tukawasikiliza. Wanasoma vyuo tofauti na kozi tofauti: ualimu, famasia, kilimo, uhandisi. Lakini karibu wote walianza na neno moja: kemia. Na waliposema kemia, walikuwa na maana ya mtu. Kila chuo kina mhadhiri wake ambaye jina lake linatajwa kwa sauti ya chini.

Walitusimulia. Yuko anayefunga mlango saa mbili na dakika tano asubuhi, na aliyechelewa kwa daladala abaki nje. Yuko anayejaza ubao mara tatu bila kugeuka. Yuko anayeanza muhula kwa kuwaambia wanafunzi wamtazame jirani wa kulia na wa kushoto, kwa kuwa mmoja wao hatakuwepo mwakani. Matokeo yakitoka, nusu ya darasa wana sapu, yaani mtihani wa marudio. Anayeshindwa na huo hubeba somo hadi mwaka unaofuata, na anayezidiwa kabisa anadisko. Binti yetu mmoja alishika pipeti kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Mkono ulitetemeka. Mhadhiri akamwambia mbele ya wenzake arudi kidato cha tatu. Alituambia hivi: "Kilichoniuma ni kwamba kidato cha tatu nilipita, ila pipeti sikuiona."

Wazazi, msidhani jambo hili ni la kwetu tu. Mwaka 2022 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha New York, wanafunzi 82 kati ya takribani 350 waliandika barua kumlalamikia Profesa Maitland Jones, aliyewafundisha kemia ya ogania. Mzee huyo alikuwa na miaka 84, amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Princeton, na ndiye mwandishi wa kitabu kikubwa cha somo hilo. Walisema somo ni gumu mno na alama ni za chini. Hawakuomba afukuzwe, lakini chuo kilisitisha mkataba wake. Wamarekani walibishana sana. Wengine walisema mwalimu alipitwa na wakati. Wengine walisema wanafunzi walifika darasani bila maandalizi, na kwamba anayetaka kuwa daktari hana budi kulishinda somo hilo. Yeye mwenyewe alisema alikuwa ameona umakini wa wanafunzi ukishuka kwa miaka mingi, na wakati wa Uviko ukashuka zaidi.

Sisi tumeona kuna ugumu wa aina mbili, na tusiuchanganye. Upo ugumu wa mtu: anayedharau, anayetukana, asiyerudisha karatasi za majaribio, asiyetaka kuulizwa swali. Huo haufai, na vijana wasiunyamazie. Vyuo vina utaratibu: kiongozi wa darasa, mkuu wa idara, serikali ya wanafunzi, rufaa ya matokeo. Kijana aandike barua kwa adabu, aweke tarehe, abaki na nakala. Kamati yetu iko tayari kumsaidia kuandika.

Upo pia ugumu wa somo lenyewe, na huo hakuna barua itakayouondoa. Kemia haikubali makadirio. Unadondosha asidi tone kwa tone, na tone moja likizidi rangi inapitiliza, unaanza upya. Sisi wahasibu tunaelewa jambo hilo, kwani hesabu iliyokosea shilingi kumi bado haijafungwa. Anayepima dawa ya mtoto wako hospitalini, ungependa awe amepita kwa mwalimu mpole au kwa yule anayerudisha kazi mpaka iwe sahihi?

Vijana wenyewe walituambia jambo hili bila kusukumwa. Kadiri mazungumzo yalivyoendelea, lawama zilihama kutoka kwa mhadhiri. Tulipouliza nani alifaulu kwa mhadhiri huyo huyo, jibu lilikuwa moja kila mahali: waliotoka shule zenye maabara inayofanya kazi. Hao walipoambiwa wapime, walipima. Wa kwetu walikuwa wanajifunza chombo, Kiingereza na hesabu za somo kwa wakati mmoja, huku mlango umefungwa saa mbili na dakika tano.

Ndugu zangu, mnakumbuka mwaka 2014. Kwa agizo la Rais Kikwete, kila shule ya kata ilitakiwa kuwa na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Tulichangishwa nyumba kwa nyumba. Wengine walitoa fedha, wengine mawe na mchanga, wengine siku za kazi. Majengo yakasimama. Leo pitieni mkaone: katika sekondari zetu, chumba cha kemia kina meza na bomba, lakini kabati halina kemikali za kutosha hata muhula mmoja. Bureti zilizovunjika hazikununuliwa nyingine. Mwalimu anachora bureti ubaoni. Katika vitabu vyetu vya uhasibu tungeandika kwamba ni mali tuliyoilipia ambayo haizalishi.

Na hasara yake inaonekana mbali na inapotokea. Kijana akidisko, deni la Bodi ya Mikopo halifutwi. Siku akiajiriwa kazi yoyote atakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipia shahada asiyoipata. Ng'ombe aliyeuzwa harudi. Na mdogo wake aliyeko kidato cha pili anaanza kusema sayansi si ya kwetu.

Tukisema sayansi si ya kwetu tunajidanganya, maana kemia iko kinywani mwetu. Mtu wa Arumeru akicheka Kariakoo, wanamjua kwa meno. Miamba na majivu ya volkano ya mlima wetu yanatoa floraidi inayoingia kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya Chai na Ngarenanyuki tumekunywa yanayozidi hapo mara nyingi. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 vijijini, baadaye 4, na sasa ni 1.5. Hata magadi tunayotia kwenye makande yanaongeza floraidi. Mtoto huathirika zaidi meno yake yanapojengwa, na ikizidi kwa miaka mingi hukaza mifupa na kupinda miguu.

Sasa sikieni uzuri wa somo hili. Floraidi hupenda kushikamana na kalsiamu, ndiyo maana inaingia kwenye jino. Kwa sababu hiyo hiyo, mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri ikawa mkaa, huyanasa maji yakipita na kubaki na floraidi yake. Kazi hiyo imefanyiwa utafiti hapa hapa Ngurdoto. Na pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali huko Karatu, alitengeneza chujio linalorekebishwa kulingana na maji ya mahali. Mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya pauni 25,000. Alisoma uhandisi wa kemikali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nani atakayefuata kutoka kata yetu, kama pipeti ataiona akiwa na miaka ishirini?

Kwa hiyo kamati inaomba mambo matatu. Kwanza, mfuko wa maabara wa kununua kemikali na vyombo kila muhula, si mara moja tu, ili kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne apime kwa mkono wake. Pili, kambi ya kemia ya wiki mbili kila likizo, ikifundishwa na vijana wetu waliokwisha kupita chuoni, nasi tuwape nauli na chakula. Tatu, kila kijana anayekwenda chuo kusoma sayansi apewe ndugu mmoja wa kumpigia simu kabla mambo hayajaharibika.

Mchanganuo uko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, pamoja na fomu ya ahadi. Risiti zitabandikwa kwenye ubao wa shule, na mzazi yeyote ana haki ya kuja kuhesabu chupa kabatini.

Mhadhiri mgumu tutamkuta kila mwaka. Tuwapeleke watoto kwake wakiwa wameshajua kushika pipeti. Sasa tunamkaribisha mweka hazina aanze kupokea ahadi, na kamati tunatangulia sisi wenyewe.