Gari yetu iinuke sentimeta 5, isizidi

Wanachama wapendwa, na ninyi wafadhili mnaotusaidia mukiwa mbali: mulituuliza kwa nini tumekataa springi za kuinua Hilux yetu sentimeta 10, na pesa ilikuwa tayari.

Barabara ya Sake kwenda Masisi munaijua. Malori yamechimba matope, gari fupi inalala tumbo. Lakini barabara ile ile inapanda milima, na pengine inainamia upande wa bonde. Na juu ya magunia ya maharagwe tunakaa siye, bamama na watoto. Gari ikiwa ndefu sana, inapinduka upesi.

Tena springi haziinui difu. Tairi kubwa kidogo ndiyo inaiinua. Na ukizidisha, shafti inakaa pembe mbaya, misalaba yake inaisha haraka, paipu za breki zinavutika. Ikivunjika njiani kwenda Walikale, utanunua msalaba kwa nani?

Springi za zamani zilikuwa zimelala. Kwa hiyo sehemu ya hizo 5 ni urefu wa kiwandani tu, tunaurudisha. Pesa inayobaki, tunaomba iende kwenye tairi na breki.