Mwana-Kondoo Mmoja wa Maskini

Mazungumzo ya redioni
Somo: 2 Samweli 12:1-7, Mithali 12:10, Kumbukumbu la Torati 22:6-7

Leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, tena la kitoto. Ni habari ya mtoto na wanyama anaowapenda.

Sisi tunakaa Mackinnon Road, katika Kaunti ya Kwale, kwenye nyika ya Taru, katikati ya Mariakani na Voi. Wengi wenu mmepita hapa kwa basi, mkauona msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli, kisha mkaendelea na safari yenu. Sisi tuliobaki tukilifuta vumbi la basi lile ni watu wa mbuzi na ng'ombe, na wa mahindi pale mvua inapopatikana. Na si mbali nasi ni hifadhi ya Tsavo Mashariki. Basi mtoto wa hapa hukua kati ya wanyama wa namna mbili, wa zizini na wa porini, na moyo wake hauoni ua linalowatenganisha.

Sisi wazee wawili tunamlea mjukuu wa kike, kwa maana wazazi wake wanafanya kazi Mombasa. Tangu alipoanza kutembea alipenda kila chenye pumzi. Aliwatilia ndege maji katika kifuniko cha sufuria. Alimkuta kobe njiani, asiweze kupita mpaka amemvusha. Mbwa wa nyumbani alimfuata mpaka mlango wa kanisa, naye akatuuliza kwa nini asiingie. Sisi tulicheka, tukasema, "Huyu atakuwa Nuhu."

Mwaka 2022 ulikuwa mwaka mgumu. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu. Serikali ilitangaza kwamba kati ya mwezi wa Februari na Oktoba mwaka ule ndovu 205 walikufa kwa ukame nchini Kenya, pamoja na mamia ya nyumbu na punda milia. Ikiwa ndovu mwenye nguvu zake alianguka, mbuzi je? Katika zizi letu mbuzi jike alikufa, akaacha mtoto wa siku nne. Sisi tulikwisha kumkatia tamaa yule mtoto wa mbuzi. Mjukuu wetu hakukata tamaa. Alimwombea maziwa kwa jirani, akamnywesha kwa chupa ya soda, na usiku akamlaza karibu na mkeka wake. Akamwita Madoa. Alipokua kidogo alimwokotea maganda ya migunga, na uji wake mwenyewe akagawana naye. Mbuzi wetu wote wakakonda, Madoa akanenepa.

Mwezi wa Desemba tukapata wageni wa heshima kutoka mbali. Ninyi mnajua desturi yetu: mgeni hapewi sima na mboga peke yake. Tukatazama zizini. Wote walikuwa mifupa, isipokuwa mmoja. Mtoto alikuwa ametumwa maji, na siku zile foleni ya maji ilikuwa ya saa nyingi. Tukaambiana, "Mbuzi ni mbuzi." Tukamchinja Madoa.

Aliporudi na mtungi wake alikuta chakula tayari. Alikuwa hajaonja nyama kwa siku nyingi. Akanawa mikono, akashukuru kama alivyofundishwa, akala kwa furaha pamoja na wageni. Kisha akachukua kikopo chake cha pumba, akaenda nyuma ya nyumba kumwita Madoa.

Wasikilizaji, kilio kile hatutakieleza. Tutasema tu kwamba sisi tulimwambia anyamaze, asituaibishe mbele ya wageni.

Jumapili iliyofuata, somo lililosomwa kanisani lilikuwa 2 Samweli mlango wa 12. Mnalikumbuka. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi, akamsimulia habari ya watu wawili wa mji mmoja. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi mno. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyekua nyumbani mwake pamoja na watoto wake, akila katika chakula chake na kunywea kikombe chake, naye kwake alikuwa kama binti. Mgeni alipomfikia yule tajiri, aliona uchungu kuchinja katika mifugo yake, akamtwaa mwana-kondoo wa maskini. Daudi aliposikia aliwaka hasira, akasema mtu huyo astahili kufa. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Sisi wawili tulikuwa tumeketi katika benchi moja. Hatukutazamana.

Tangu siku ile tumelifikiri sana somo hili. Mfalme alikuwa ametenda dhambi kubwa juu ya Uria na mke wake. Kwa nini nabii hakuanza na sheria? Kwa nini alianza na mwana-kondoo? Tunaona ni kwa sababu Daudi alikuwa mtoto wa malishoni. Alipokuwa kijana alipigana na simba na dubu kwa ajili ya kondoo mmoja wa baba yake. Dhambi ilikuwa imeufunga moyo wake kwa habari za wanadamu, lakini mlango mmoja ulikuwa haujafungwa bado, mlango ule wa mtoto aliyependa kondoo. Mungu akaingia kwa mlango ule. Basi mzazi, umwonapo mtoto wako amemkumbatia mbuzi, usifikiri ni mchezo tu. Huenda huo ndio mlango ambao Bwana atapitia siku moja, milango mingine itakapokuwa imefungwa.

Laiti tungalitubu siku ile ile! Lakini mtu mzima huona haya kumwomba mtoto msamaha. Tukanyamaza, tukanunua kalamu za rangi, tukampa. Na kimya chetu kilizaa jambo la pili.

Mwaka uliofuata, mvua za masika ziliponyesha, tulimwona mjukuu wetu akienda mara kwa mara nyuma ya ghala la zamani. Hatukuuliza. Siku ya nne alitujia na leso, na ndani ya leso mlikuwa na mtoto wa digidigi, amekufa. Alikuwa amemkuta peke yake chini ya kichaka, akadhani ni yatima kama Madoa. Akamficha chini ya tenga, akamnywesha maziwa, naye hakuweza kumeza. Tukamwuliza, "Mbona hukutuambia?" Akajibu bila hasira, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua: "Babu, mngemla."

Neno lile lilitushinda. Hapo ndipo tulipopiga magoti mbele ya mtoto wa miaka tisa, sote wawili, tukamwomba radhi kwa ajili ya Madoa. Alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama tungemsaidia kuchimba shimo. Tukamzika digidigi pamoja.

Baadaye tulimwuliza mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika mbuga, naye akatueleza. Digidigi jike akizaa, humficha mtoto wake kichakani kwa majuma mawili au matatu ya kwanza, na kumrudia kumnyonyesha. Yule mdogo hulala kimya, asitikisike, ili chui na mbweha wasimwone. Amelala peke yake, lakini hakuachwa. Mama yupo. Kama mjukuu wetu angetuambia siku ya kwanza, tungeweza kuuliza, na yule mdogo angerudishwa mahali pake saa ile ile. Hakutuambia kwa kuwa hakutuamini. Hivyo upendo wa mtoto ulikosa maarifa, na maarifa yalikosa njia ya kumfikia, kwa sababu sisi wazee tulikuwa tumeivunja ile njia.

Reli itokayo kwetu yaenda Voi, na huko Voi mtu mwingine alijifunza jambo kama hili kwa machozi. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na mlinzi wake mkuu upande wa mashariki alikuwa David Sheldrick. Mke wake, Daphne, alizaliwa Kenya mwaka 1934, akakua shambani akiwalea wanyama tangu utoto wake. Kwa miaka mingi alijaribu kuokoa ndovu wachanga walioachwa yatima, nao wakafa, maana tumbo la ndovu mchanga halikuyaweza maziwa ya ng'ombe. Hatimaye aligundua kwamba mafuta ya nazi yakitiwa katika maziwa mengine, ndovu huyaweza. Nazi, ndugu zangu, hii hii tunayoikuna hapa pwani kila siku! Mwaka 1974 akamlea ndovu mchanga aitwaye Aisha kwa njia hiyo, naye akaendelea vizuri. Kisha Daphne akasafiri kwa ajili ya arusi ya binti yake. Aisha hakumwona, akakataa kula, akafa. Maziwa yalikuwepo. Alimkosa mtu mmoja ambaye moyo wake wote ulimtegemea.

Mama yule angeweza kuacha. Hakuacha, alibadili njia. Tangu hapo walezi wa ndovu yatima hupokezana, hata kulala nao usiku, ili ndovu asimtegemee mtu mmoja tu, na kusudi lao lote ni kwamba siku moja arudi porini kwa wenzake. Daphne Sheldrick alifariki mwaka 2018, lakini kazi ile inaendelea huko Voi na kwingineko, na ndovu wengi waliolelewa kwa chupa leo ni mama porini, na watoto wao wenyewe.

Tunajifunza nini? Kwamba upendo una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kushika, na hiyo mtoto huijua bila kufundishwa. Hatua ya pili ni kuachilia, na hiyo hufundishwa. Neno la Mungu lilikwisha kulisema katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, kwamba mtu akikuta kiota njiani, na mama amelalia makinda, asimtwae mama pamoja na watoto, bali amwache mama aende. Nani hukuta viota njiani? Mara nyingi ni watoto. Mungu wa mbingu na nchi alitoa amri inayomhusu mtoto aliyesimama chini ya mti na mkono wake umenyooshwa.

Na sheria ya nchi yetu, ile ya mwaka 2013 juu ya wanyamapori, nayo inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali. Ukimkuta mnyama ameumia au yatima, tafuta watu wa Shirika la Wanyamapori, au mwambie chifu. Lakini mfundishe mtoto sababu yake, wala usimtishe kwa askari.

Tunajua wengine mnasema, "Ninyi mwasema juu ya kupenda wanyama, na ndovu wamekula mahindi yetu." Ni kweli. Hapa kwetu shamba la mwaka mzima laweza kukanyagwa usiku mmoja, na watu wameuawa. Hatuwaambii mwache watoto wasimkaribie ndovu kama wanavyomkaribia paka. Mtoto na afundishwe kuogopa pale panapostahili kuogopwa. Wala hatusemi kwamba mbuzi wasichinjwe. Tunafuga ili tule. Lakini Mithali 12:10 yatuambia kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Mtoto akimlea mbuzi kwa mkono wake, mwambie mapema mbuzi huyo ni wa nini. Kama ni wake, basi awe wake kweli. Na siku ikija ya haja kubwa, keti naye, mwambie ukweli, mlie pamoja kama ni kulia. Usimtume maji.

Tumalizie. Mwaka jana jioni moja mjukuu wetu alikuja mbio kutoka malishoni, na mikono yake ilikuwa mitupu. Akatuambia kwa kunong'ona kwamba amemwona mtoto wa digidigi chini ya kichaka kando ya korongo, wala hakumgusa. Tukaenda naye, sote watatu, tukasimama mbali, upepo ukitujia usoni. Jua lilipokuwa linazama, mama yake akatokea, akasikiliza, akaingia kichakani. Mtoto alitushika mikono, babu huku na nyanya huku, asiseme neno. Tulirudi nyumbani gizani tukiwa na furaha ambayo hatukuistahili.

Tuombe. Ee Baba, wewe ambaye hata shomoro mmoja haanguki pasipo wewe kujua, twakushukuru kwa mioyo ya watoto wetu. Utusamehe pale tulipoicheka na kuivunja. Utufundishe kusema kweli nao, na kuomba radhi tukikosa. Uwafundishe wao kushika kwa upole na kuachilia kwa imani, wakijua kwamba yule tumwonaye yuko peke yake, wewe hukumwacha. Kwa Yesu Kristo, Mchungaji wetu mwema. Amina.